Miguu ya Mtu Aliyefunika Uso

Devota mwanangu,

Juzi ulinipa simu yako nisome zile kurasa alizokutumia mwandishi wako, halafu ukakaa pembeni unachambua maharage na kujifanya hunitazami. Nilipomaliza uliniuliza, "Baba, umezionaje?" Nikasema ni nzuri. Sikusema kweli. Sikuzipenda, na kwa kuwa kesho alfajiri unapanda basi kwenda Dar es Salaam kuzichorea picha, naona si haki uondoke ukidhani baba yako amekubali.

Mambo ya sweta, ya chakula cha njiani na ya watu wa stendi wanaojifanya ndugu zako, mama yako ameshayasema na asubuhi atayarudia. Mimi nina langu la vitabu vya katuni. Najua utacheka. Cheka, lakini soma mpaka mwisho, kwa sababu mwisho wake unamhusu bibi yako.

Unanijua nilivyo. Mama yako husema mimi hata sadaka nikiitoa naisindikiza kwa macho mpaka ifike madhabahuni. Ni kweli, na sioni aibu. Nilivuka mpaka kutoka Burundi nikiwa mgongoni mwa bibi yako, nikakulia katika kijiji ambacho kila mgeni aliyeuliza jina la baba yangu alijibiwa kwa swali. Kwa hiyo haya ninayoyasema yapunguzie chumvi unavyoona inafaa.

Umekulia bandani kwangu hapa Kasulu, kati ya simu zinazochajiwa na benchi za watu wanaotazama video, chini ya ile kamba niliyobania vitabu vya katuni kwa vibanio vya nguo ili wanaosubiri chaji wasininunie. Vingine vilikuja ndani ya belo za mitumba, vimekunjwa kwenye mifuko ya makoti. Nadhani ndivyo vilivyokufundisha kuchora. Hukuwa umeanza shule ulipoanza kuniharibia mkaa ukutani, unachora watu wenye vifua kama magunia ya mahindi na shuka inayopepea mgongoni. Sikukukataza. Lakini hata wakati huo nilikuwa siwaamini wale watu.

Chukua suala la kufa. Vijana wa bandani wanasema stelingi, yule mkubwa wa picha, hafi, na kwenye video nakubali, maana video ni fupi na watu wanataka kwenda kula. Hawa wa katuni wanakufa. Wanazikwa kwa kurasa nzima, wenzao wanalia kaburini na shuka zao zinapepea, na mimi mtu mzima nimekaa kwenye benchi nimejifunika kitabu wateja wasinione. Kitabu kinachofuata, marehemu yuko juu ya ghorofa, mzima, hana hata kovu. Hapa kwetu tukishachanga kwenye msiba, marehemu hatukutani naye sokoni wiki inayofuata ananunua migebuka ya ziwani. Tukimkuta tutataka maelezo.

Halafu wanapigana katikati ya mji. Maghorofa yanaanguka, magari yanarushwa, na ukurasa wa pili shujaa amesimama ameshika kiuno. Nani amefagia? Yule mama aliyekuwa na meza yake ya nyanya pale chini yuko wapi? Nimetafuta katika vitabu vyote vya kwenye kamba mchoro wa mtu mwenye ufagio, sijauona mpaka leo.

Lakini kilichonifanya niwashuku tangu mwanzo ni uso. Mtu anafanya wema, anafunika uso wa nini? Mwema wa kwetu ukikosa kumshukuru leo, utamshukuru kesho kanisani au kisimani, kwa sababu unamjua. Waliokuja kijijini kwa bibi yako kule Burundi wamefunika nyuso hawakuleta unga. Mtoto wa Dar akiona barakoa kwenye katuni anafurahi. Mimi nilikuwa naona barakoa nageuza ukurasa haraka, nikamwone akiivua.

Uliporudi likizo kutoka chuoni ukaniambia, "Baba, hizo ni za watoto, kuna za watu wazima." Ukanipa vile vitabu vinene, hadithi za picha ambazo waandishi wake wakitajwa tu wasomi wanafumba macho. Nikavisoma kwa kamusi, kwa moyo mmoja, nikijua wewe unavipenda. Mwanangu, shujaa ni yule yule, ila sasa hajanyoa ndevu na hana furaha. Kurasa ni nyeusi. Mvua inanyesha. Nimegundua kwamba mwandishi wa aina hiyo akikosa la kusema ananyeshea mvua. Hapa mvua ikianza, watu wanakimbia kuanua mihogo na kila mtu ana kazi ya kufanya. Kule jitu zima linasimama juu ya paa, linalowa, linafikiria ubaya wa dunia, na sisi tunalipishwa kurasa kwa kurasa za kulitazama likilowa.

Na jalada lake! Jina la mwandishi ni kubwa kuliko jina la kitabu. Jina la mchoraji, yaani mtu aliyekaa mpaka mgongo ukapinda akachora kila tone la ile mvua, liko chini pembeni, dogo kama tarehe ya kuisha muda kwenye boksi la dawa. Wewe ndiye wa pale chini pembeni. Ndiyo maana yananiuma.

Nina kipimo changu cha waandishi hawa, na hujawahi kujua nilikitoa wapi. Nafunika maneno kwa kidole gumba na kuitazama picha peke yake. Kama nimeelewa yote bila maneno, mwandishi alikuwa anapiga kelele tu. Wengi wanaosifiwa wanaanguka hapo. Wa kwako pia, nilipofunika maneno yake kwenye simu yako, hakikubaki kitu, kwa sababu picha hujazichora bado. Yeye ameandika "bibi anaruka, moto unawaka" na anakungoja wewe ufanye kazi.

Sasa nikuambie kipimo hicho kilitoka wapi, maana hapa ndipo ninapoanza kujishuku mwenyewe.

Kabla ya kumwoa mama yako nilikuwa natoka kijijini kwetu Kitanga kwa baiskeli kupeleka chumvi na betri kwenye soko la kambi ya wakimbizi. Mkongo mmoja alinibadilishia chumvi kwa furushi la vitabu vya katuni vya Kifaransa. Kifaransa sikijui, hata salamu yake naitamka vibaya. Lakini jioni, biashara ikipoa, nilikuwa naweka kitabu mapajani, watu wanazunguka, wakubwa kwa watoto, nafunika maneno kwa kidole gumba na kuwasimulia kutoka kwenye picha. Niliwaambia natafsiri. Kumbe natunga. Na nilitunga vizuri, mwanangu. Watu waliacha kupika. Waliniita Profesa, na nilivimba kichwa kiasi kwamba nilianza kutembea taratibu nikiingia sokoni, ili wanione.

Katika kitabu kimoja kilichopendwa sana kulikuwa na mwanamke mwenye kitambaa cha kijivu kichwani. Anaonekana karibu kila mahali, nyuma ya shujaa, kwa mbali, amefunga mdomo, hacheki. Mara ya kwanza kumwona nilijua. Huyu ndiye adui. Nikamfanya mchawi anayemfuata shujaa na kumtupia mikosi. Ikafika mahali watoto wakimwona tu wanazomea kabla sijasema neno.

Siku moja bibi yako alileta ndizi sokoni, akasimama nyuma ya watu akasikiliza mpaka mwisho. Walipotawanyika aliniuliza kwa nini nimemchukia yule mwanamke. Nikamwambia autazame mdomo wake, hasemi kitu, mtu mwema angesema. Bibi yako akaniambia, "Mimi nami sisemi." Akajitwika kapu lake akaondoka. Nilidhani amechoka na jua.

Baadaye kidogo alikuja mama mmoja wa Kikongo, aliyekuwa mwalimu kwao. Alisikiliza, akanyoosha mkono, akaniondoa kidole gumba juu ya maneno kama mtu anayemtoa mtoto mdudu. Akasoma kimya. Halafu akasema kwa sauti wote wakasikia, "Papa, weye unadanganya batu. Huyu mama iko natafuta mutoto yake. Huyu shujaa ndiyo mutoto."

Basi. Mwanamke alikuwa amepotezana na mwanawe, na hathubutu kumwita kwa jina mbele ya maadui zake, asije akamponza. Ndiyo maana amefunga mdomo. Na mimi nilikuwa nimewafundisha watoto wa kambi nzima, ambao nusu yao walikuwa wamepotezana na mama zao, wamzomee.

Hilo nililistahimili. Lililonishinda ni kwamba kesho yake watu walitaka ile ya kwangu. Ile ya kweli, walisema, haina utamu. Nikawarudishia mchawi wao, kwa sababu kushangiliwa ni kutamu na sikuwa na kitu kingine kitamu wakati ule. Kwa hiyo ukinisikia nikiwasema waandishi wanaosifiwa kupita kiasi, ujue kwamba wa kwanza niliyemfahamu alikuwa akiuza chumvi na betri, na ni mimi.

Tuje kwa huyu wa kwako. Aliponipigia simu ile mara moja, aliongea Kiswahili safi na alinisalimia vizuri, jambo lililonitia shaka zaidi. Alisema ameona michoro yako, na ulimwambia habari za bibi kuvuka mpaka, na kwamba Afrika inahitaji mashujaa wake yenyewe. Nikamkubalia, ningemkatalia nini. Kisha akaniuliza, "Mzee, bibi alikuwa na silaha?" Nikamjibu alikuwa na jembe. Nikamsikia akifurahi kule upande wa pili. Hapo hapo nikajua nimekosea, ila sikujua nimekosea wapi.

Nimepajua niliposoma. Jembe linatoa moto. Bibi anafungua kanga, kumbe ni shuka ya kupepea, anaruka juu ya waliofunika nyuso, anawakata kama migomba, na yule mwenye kidole cha mguu kilichopanda juu ya mwenzake ndiye mkubwa wao, anakufa wa mwisho. Mvua inanyesha.

Nilikasirika mpaka nikaenda kufungua jenereta ambayo haikuwa na shida. Halafu hasira ikanigeukia. Kidole kile mwandishi alikitoa wapi? Kwako. Na wewe ulikitoa wapi? Kwangu. Tangu ukiwa mdogo nimekusimulia hivyo, na nimewasimulia watu wa bandani umeme ukikatika: jinsi bibi yako alivyotoka nyumbani asubuhi akiwa hana mzigo, kwa sababu mwenye mzigo anakimbia na mwenye jembe begani anakwenda shambani. Mimi mgongoni, mbegu za maharage kwenye kikapu. Jinsi alivyowakuta njiani kabla ya mpaka, kwenye njia inayotokea Munanila huku Tanzania, wamefunika nyuso na mapanga mkononi. Jinsi alivyoweka jembe chini, akainama, akawasalimia kama mtu anavyosalimia watu wa kijiji chake, "Mwaramutse," akaulizia watoto, akaulizia ng'ombe, hakuruka hata swali moja. Salamu ikaitikiwa, kwa sababu kwetu salamu inajiitikia yenyewe, hata kwa mtu aliyekuja kuua. Na jinsi alivyokuwa ametazama chini kwa heshima, akaona miguu, akakiona kidole, akamjua mtu.

Mpaka hapo ni ya bibi yako. Kuanzia hapo ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyesema yule mtu aliinua panga. Mimi ndiye niliyesema bibi alimkazia macho mpaka akaona haya. Bibi hakuwahi kusema hivyo. Alifika kwenye kidole akanyamaza, kila mara, na mimi nikamjazia.

Jana jioni ulipokwenda kumsomea bibi yako zile kurasa nilikuwa mlangoni. Ulidhani nimekuja kuchukua redio. Ulipofika kwenye jembe la moto alicheka mpaka akashika mbavu, akauliza, "Jembe likiwaka, nitalimia nini?" Mkacheka wote. Ukaendelea kusoma, ukafika pale yule mwenye kidole anapouawa, na akaacha kucheka.

Akasema, "Oya, hapana. Huyo msimuue."

Ukamwuliza kwa nini, bibi.

"Ndiye aliyesema, mwacheni mwanamke aende shambani."

Sijui kama uliniona. Umri wangu wote nimemchukia mtu yule. Nimemchukia kwa jina la baba yangu, aliyebaki nyuma na hakuonekana tena, nimemzomesha kwa watu nisiowajua bandani. Nikamwuliza mama yangu kwa nini hakuwahi kuniambia. Akanijibu bila kunitazama, "Hukuniuliza. Ulikuwa unasimulia."

Na yule mtu alikuwa nani basi? Mwema? Panga lilikuwa mkononi mwake, na asubuhi ile hakutoka nyumbani kwenda kukata majani ya ng'ombe. Kama alimwacha bibi yako, kuna ambao hawakuachwa. Nimekaa asubuhi yote ya leo bandani nikimtafutia mahali. Katika vitabu vyote vya kwenye kamba hakuna wa kufanana naye. Mashujaa wanafunika uso waokoe, maadui wanafunika uso waue, na huyu alifunika uso kwa ajili ya jambo moja akafanya na lingine. Ningekuwa bado Profesa ningekuwa nimeshampa maneno ya kusema. Sasa siwezi, na kwa kweli ninaogopa.

Sikuambii usiende. Najua kazi hii uliitafuta, na najua mkono wako umekwisha kupita kuta zangu. Yule mwandishi bado simwamini. Atakuambia hadithi ya kweli haina utamu, na atakuwa sawa, walioizunguka baiskeli yangu walisema hivyo hivyo. Atakuambia wasomaji wanataka moto. Ukiogopa kupoteza nafasi, chora moto wake kwenye kurasa nyingine, sitakulaumu. Nimekula chakula cha mchawi wangu, siwezi kukuzuia wewe usile.

Ila ukurasa mmoja nakuomba, mwanangu, sikuamuru. Ule wa njiani. Mchore bibi ameinama, jembe liko chini, mimi niko mgongoni nimelala sijui lolote. Ichore ile miguu. Kile kidole kichore vizuri, na vumbi lake, kwa sababu ndicho kitu pekee cha yule mtu ambacho hakikufunikwa. Uso uuache ulivyofunikwa. Na lile puto la maneno juu ya kichwa chake, lichore, halafu liache tupu. Mwandishi akitaka kulijaza, mwondoe kidole.

Kuna jambo la mwisho. Leo mchana, ulipomaliza kufunga begi lako, bibi yako alikuita chumbani kwake akafunga mlango. Nilikuwa uani napanga betri. Mlikaa muda. Ulipotoka hukunitazama, ulikwenda moja kwa moja kunawa uso, na tangu hapo umekuwa ukitembea kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa. Unajua nilivyo. Siku nyingine ningekufuata mpaka jikoni, ningekuzungushia maswali mpaka useme.

Nadhani amekutajia jina la yule mwenye kidole. Yawezekana ni jina la mtu ambaye watoto wake wanaishi hapa hapa, wanachaji simu kwangu. Kama amekutajia, ni lako sasa, wewe unayechora na kunyamaza. Kesho asubuhi nitakubebea begi mpaka stendi, na njia nzima sitakuuliza. Na wewe nisaidie, mwanangu. Usiniambie. Mimi nitaanza kusimulia.

Baba yako